Rafali ndani ya aplikasio: njia nne za kupiga foto mfululizo, na ile ningechagua kwa simu za huku Lubumbashi

Siku ya yenga mangaribi, kwenye viwanja vya vumbi vya komini za Katuba na Kenya hapa Lubumbashi, hukosi kijana amesimama nyuma ya goli na simu mkononi anangojea. Anangojea mpira uingie, halafu anangojea kile kinachofuata, maana huku kwetu golikipa wa timu iliyofunga bado anaweza kukaa chini na kuruka kwa matako kama Kidiaba kule Abu Dhabi mwezi wa 12 mwaka 2010, siku Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0 ikaingia fainali ya klabu za dunia. Sasa jaribu kuonyesha ile kitu kwa foto moja. Utapata mtu amekaa chini, basi, hakuna atakayejua kama alikuwa anaruka ao amechoka. Inataka foto sita saba zinazofuatana ndani ya sekunde moja, njo mtu anaiona.

Hiyo njo rafali. Kwa apareyi ya fotografi wa studio ni kugeuza kitufe tu, lakini kwenye aplikasio ya simu unayoiandika mwenyewe ni mambo mengine kabisa. Mimi na mwenzangu tulitengeneza aplikasio moja kwa ajili ya vijana wanaouza foto za mechi hapa mtaani, tukapita njia zote nne moja baada ya nyingine, na kila mara tulipobadilisha njia tulitupa kodi (maandishi ya programu) ya wiki mbili tatu. Kama uko unaanza leo, soma kwanza uchague, halafu uandike.

Kuna jambo moja lilinichukua muda kulielewa na kila kitu nitakachosema kinatoka hapo. Mtu anayepiga foto ya goli anachelewa yeye mwenyewe kabla simu haijachelewa. Jicho linaona, kichwa kinaamua, kidole kinashuka, hapo imeshapita kama robo ya sekunde, na mpira unaokwenda mita 20 kwa sekunde umeshatembea mita tano. Mita tano mbele ya goli ni goli lenyewe. Kwa hiyo hata ukiwa na simu inayopiga foto 30 kwa sekunde, kama inaanza kupiga baada ya kidole, utapata foto 30 nzuri za nyavu zinazotikisika. Siku ya kwanza tulipojaribu, mchezaji alikuja akaangalia skrini akauliza: "Yaya, goli yangu iko wapi? Naona tu mugongo ya defansa." Na alikuwa na haki.

Kwanza tuondoe ile njia ambayo watu wengi wanaanzia, ya kuita kamera ya simu yenyewe kwa intenti (ombi ambalo aplikasio moja inatuma kwa nyingine) ya ACTION_IMAGE_CAPTURE. Hiyo inafungua kamera ya simu, mtu anapiga foto moja, anakubali, inarudi kwako. Foto moja. Hakuna namna ya kuifanya ikuletee kumi. Kwa kuskani kitambulisho ao kupiga foto ya risiti ni sawa, kwa rafali usipoteze siku hata moja hapo.

Kurudia takePicture

Hii njo ya kwanza kwa kila mtu kwa sababu iko rahisi. Unachukua CameraX, ile maktaba ya Google iliyotoka rasmi kwa matumizi mwaka 2021 ikifanya kazi kuanzia Android 5, unaunganisha Preview (ya kuonyesha picha kwenye skrini) na ImageCapture (ya kupiga foto), unaweka hali ya CAPTURE_MODE_MINIMIZE_LATENCY, na wakati mtu ameshikilia kitufe unaita takePicture, amri ya kupiga foto moja, ikirudi unaita tena, ikirudi unaita tena. Kwa kodi ni mistari michache, na siku moja unakuwa umemaliza.

Uzuri wake ni kwamba kila foto ni foto kamili: sensa nzima (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga), megapikseli zote, na simu imeshafanya kazi yake ya kusafisha chembechembe na kupanga rangi. Ukitaka foto ya familia kwenye harusi, watu kumi na tano wamepangwa na kila mara kuna mmoja anafunga macho, basi piga tatu nne kwa njia hii na uchague, sioni kwa nini ujitese na kitu kingine.

Ubaya ni ule mwendo. Ile kazi ya kusafisha na kugeuza kuwa jpeg inachukua muda kwa kila foto, na kwenye simu ya bei ndogo tuliyokuwa nayo, ikitoka vizuri nilikuwa nahesabu mbili kwa sekunde, jua likishuka hata moja. Tena kuna mtego: CameraX inapanga maombi kwenye foleni. Sisi mwanzoni hatukungoja foto irudi, tuliita mara kumi kwa mpigo tukidhani itaenda haraka zaidi, na simu ikayapokea yote kumi ikaanza kuyatoa moja moja, mtu ameshaondoa kidole na ameshashusha mkono, simu bado inapiga foto za nyasi na viatu. Ngoja ile ya kwanza irudi njo uombe ya pili.

Humo humo CameraX kuna hali nyingine, CAPTURE_MODE_ZERO_SHUTTER_LAG, ambayo inahifadhi fremu (picha moja moja zinazotoka kwenye sensa) chache za mwisho kwenye duara na ukibonyeza inachukua ile iliyo karibu kabisa na wakati wa kidole. Wazo lake ni zuri sana na tutalirudilia chini. Lakini inataka simu yenye uwezo wa kuchakata tena fremu iliyokwisha kupigwa, inataka flashi izimwe, na simu isiyo na uwezo huo inarudishwa kimya kimya kwenye hali ya kawaida bila wewe kuambiwa. Na bado ni foto moja kwa kidole kimoja.

Camera2 na captureBurst

Hapa njo penye rafali ya kweli. Camera2 iliingia na Android 5 mwaka 2014, ikachukua nafasi ya ile api (mlango ambao aplikasio inapitia kuiamuru kamera) ya zamani, na ndani yake kuna captureBurst: unampa orodha ya maombi, tuseme kumi, na yeye anayapiga kwa mpangilio uleule, moja nyuma ya nyingine kwa nafasi ndogo iwezekanavyo, bila ombi lingine kuingia katikati. Unaweza hata kubadilisha mwanga kwa kila ombi. Unaweza kufunga fokusi na mwanga visitembee kati ya foto ya kwanza na ya kumi. Kwa mtu anayependa kushika usukani mwenyewe, hakuna kinachofikia hapa.

Ila usukani huo ni mzito. Kufungua kamera tu ni kolbaki tatu (vipande vya kodi ambavyo simu inaviita jambo likitokea), halafu sesheni, halafu ImageReader ya kupokea picha, halafu mzunguko wa skrini, halafu mtu anapokea simu katikati na kila kitu kinafungwa na lazima ujue kukifungua tena. Sisi tuliandika zaidi ya mistari elfu moja kabla ya kuona foto ya kwanza iliyosimama wima.

Jambo kubwa ni kuuliza simu kabla ya kuiamini. Kila kamera inatangaza ngazi yake kupitia CameraCharacteristics: LEGACY, LIMITED, FULL ao LEVEL_3, toka ya chini mpaka ya juu. Tena kuna uwezo unaoitwa BURST_CAPTURE, na huo una maana iliyoandikwa wazi: simu inayoutangaza inakubali kutoa foto za ukubwa wa juu angalau 20 kwa sekunde katika muundo wa YUV usiobanwa (mwangaza na rangi vimewekwa mbali mbali), mradi uchakataji uwekwe kwenye FAST. Simu ya ngazi ya FULL inao. Simu ya LEGACY kwa ndani bado inatembea juu ya ile api ya zamani, kwa hiyo captureBurst utaiita, itakubali, halafu itapiga pole pole kama ile njia ya kwanza. Hakuna kosa litakaloandikwa kwenye logi. Utabaki unatafuta hitilafu kwenye kodi yako na hitilafu haipo.

Angalia vizuri lile neno YUV hapo juu. Ahadi ya 20 kwa sekunde haisemi jpeg. Ukiomba jpeg moja kwa moja, kamera ina muda wa kukwama unaoweza kuusoma kwa getOutputStallDuration, na kwa jpeg mara nyingi si sifuri, kwa YUV_420_888 ni sifuri. Kwa hiyo ukitaka mwendo unachukua YUV halafu unaibana mwenyewe baadaye, na hapo njo memori inaanza kulia. YUV inakula baiti moja na nusu kwa kila pikseli. Kamera ya megapikseli 8 ni mega 12 kwa fremu, ya megapikseli 12 ni mega 18. Rafali ya foto kumi: mega 120 kwa ile, mega 180 kwa hii. Kwenye simu ya giga 2 ambayo WhatsApp na Facebook zimeshakaa ndani, Android haitakupa nafasi hiyo kwa amani.

ImageReader nayo inataka umwambie mapema itashika picha ngapi kwa wakati mmoja. Ukisema nne na usipofunga zile ulizokwisha kusoma, ya tano unapoiomba inakurushia kosa na aplikasio inaanguka, na kama wewe hukuiomba, kamera inasimama tu kungoja. Kila Image unayoichukua, ifunge. Hata kodi yako ikikosea katikati, ifunge ndani ya finally.

Na kitu kidogo kilichotusumbua siku mbili: wakati rafali inapigwa, yale maombi yanayojirudia ya kuonyesha picha kwenye skrini yanangoja. Kama kila ombi la rafali halikuelekezwa pia kwenye skrini, skrini inaganda, mtu anadhani simu imekufa, anaanza kubonyeza bonyeza. Ongeza ile surface ya preview (mahali picha ya skrini inapochorwa) kwenye kila ombi.

Nani achague hii? Kama unatengeneza aplikasio ya kampuni inayonunua simu zake yenyewe, modeli moja, umeiuliza na imejibu FULL, ingia Camera2 bila woga. Kama aplikasio yako inaenda kwa watu wenye Tecno, Itel, Samsung za miaka mitano, kila mtu na yake, utakuwa umeandika kodi ngumu ambayo nusu ya watu hawatafaidika nayo.

Kuchukua fremu kwenye mkondo na kuziweka kwenye duara

Hii njo tuliyobaki nayo, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Wazo lenyewe: wakati kamera iko wazi, sensa inapiga tayari, mara 30 kwa sekunde mwanga ukiwa mzuri, juu ya skrini lazima uone kitu. Badala ya kuomba foto mpya, unachukua zile fremu zinazopita. CameraX inakupa ImageAnalysis kwa kazi hiyo. Unakopi fremu moja kati ya tatu, yaani 10 kwa sekunde, ndani ya duara la memori lenye nafasi, tuseme, 20, na nafasi zikijaa fremu mpya inakaa juu ya ile ya zamani kabisa. Mtu akibonyeza, huanzi kupiga. Unaendelea nusu sekunde, unasimamisha duara, na ndani yake kuna sekunde moja na nusu *kabla* ya kidole na nusu sekunde baada. Goli limo. Mguu ukigusa mpira umo. Hii peke yake inamaliza ile robo ya sekunde niliyosema mwanzo, na hakuna mwendo wa captureBurst unaoweza kuimaliza, kwa sababu captureBurst inaanza kidole kikishashuka.

Hesabu ya memori ni ya kibinadamu pia. Fremu ya 1920 kwa 1080 ni mega 3.1. Fremu 10 kwa sekunde kwa sekunde mbili ni fremu 20, jumla mega 62. Simu ya giga 2 inaweza. Kama inalalamika, shuka 1280 kwa 720, fremu inakuwa mega 1.4 na duara zima mega 28.

Sasa watu wananiuliza, megapikseli mbili si ni kidogo? Inategemea foto inaenda wapi. Kijana anayeuza foto za mechi anazituma kwa WhatsApp, ambayo inazibana vyovyote, ao anaprinti sentimita 10 kwa 15. Ukikata fremu ya 1920 kwa 1080 iwe na umbo la karatasi hiyo unabaki na 1620 kwa 1080, juu ya karatasi ya sentimita 15 ni kama nukta 274 kwa inchi, na printa za studio zinahesabu 300 kuwa safi kabisa. Mama anayeipokea hataona tofauti. Kama unataka bango la ukutani, hapo kweli haitoshi, rudi juu.

Mitego iko, nayo ni hii. Wa kwanza: ukiacha ImageAnalysis bila kuchagua ukubwa inakupa 640 kwa 480, tulishangaa wiki nzima kwa nini foto ziko kama za simu ya mwaka 2006. Chagua ukubwa mwenyewe. Wa pili: kwenye simu za ngazi ya chini, ukiunganisha Preview, ImageCapture na ImageAnalysis zote tatu, fremu za mkondo zinabanwa zisipite ukubwa wa skrini, na skrini ya simu ya bei ndogo ni 720. Toa ImageCapture, baki na mbili, kwenye simu ya LIMITED unaweza kuruhusiwa kupanda, ila kwenye ya LEGACY usitegemee. Wa tatu: weka STRATEGY_KEEP_ONLY_LATEST, ili ukichelewa fremu moja irukwe badala ya foleni kukaa nyuma yako. Na kila ImageProxy unaifunga mara tu umekopi, bila hivyo fremu inayofuata haiji.

Wa nne unauma zaidi. Zile safu za YUV hazikai kwenye memori jinsi unavyodhani. Kila mstari unaweza kuwa na baiti za ziada mwishoni, na rangi zinaweza kuruka baiti mbili mbili, simu moja hivi, simu nyingine vile. Usiposoma rowStride na pixelStride, kwenye simu yako foto itakuwa nzuri na kwenye ya jirani itatoka ya kijani, imelala upande kama imevutwa. Kopi mstari kwa mstari.

Wa tano: tenga zile safu 20 za baiti mara moja, aplikasio inapofunguka, halafu uzitumie hizo hizo mpaka mwisho. Ukiumba mpya kwa kila fremu, mzoa taka wa memori anasimamisha kila kitu kila baada ya sekunde chache, na atasimamisha penalti inapopigwa.

Kubana kuwa jpeg kunafanyika baada ya kidole, kwenye thredi nyingine (kazi inayotembea pembeni bila kuzuia skrini), YuvImage ya Android yenyewe inatosha. Hapo tuliongeza kitu ambacho sasa nakiona ni cha lazima kwa rafali yoyote: aplikasio ipime ukali wa kila fremu, kwa ile safu ya mwangaza tu, kwa kupunguza ukubwa halafu kupima jinsi kingo zilivyo kali, ionyeshe sita bora kwanza. Mtu amepiga mechi nzima ana fremu mia tano, nani atazipitia? Zote zikae kwenye folda ya ndani ya aplikasio ambayo haihitaji ruhusa, na ile tu aliyoichagua njo iingie kwenye galeri. Simu ya giga 16 ukiijaza fremu mia tano kila yenga, mwezi wa pili mtu anafuta aplikasio yako ili apate nafasi ya kuapdeti WhatsApp.

Kile unachopoteza: fremu ya mkondo haipati usafishaji wote ambao simu inaipa foto kamili. Jua la saa tisa mchana huoni shida. Karibu saa kumi na mbili mangaribi, mwanga umeshuka, unaiona: chembechembe, na miguu imekuwa moshi. Tena simu ikiachiwa iamue inapunguza fremu kwa sekunde ili ipate mwanga, 30 inakuwa 15. Unaweza kuilazimisha ibaki 30, lakini picha inakuwa giza. Hakuna dawa hapo zaidi ya kuanza mechi mapema.

Na batri. Kamera wazi dakika 90 bila kupumzika inachemsha simu, mwezi wa kumi kabla ya mvua ni mbaya zaidi. Kuanzia Android 10 unaweza kuuliza mfumo simu imechemka kiasi gani, sisi ikifika hali ya kati tunashusha fremu toka 10 mpaka 5 kwa sekunde, na tunazima duara kabisa kama mtu ameishusha simu. Kwenye mtaa ambao kuriant inakatika mchana na inarudi usiku, asilimia 20 za batri ni mali ya mtu.

Video, halafu kutoa foto ndani

Njia ya nne ni kurekodi video ya kawaida na baadaye kuchomoa fremu. Kwa memori njo nyepesi kuliko zote, kwa sababu chipu ya simu inabana video yenyewe na wewe hushiki fremu yoyote mkononi. Simu ya giga 1 inaiweza. Na fotografi anabaki na video pia, ambayo kwenye harusi watu wanaitaka, ile mama mkwe anavyoingia akicheza, kila mtu anaomba atumiwe.

Foto zinazotoka ziko laini kidogo, kwa sababu video inabana kwa kulinganisha fremu na fremu na vitu vinavyokimbia njo vinavyopoteza zaidi. Kwa mpira sikuipenda. Kwa ngoma, hotuba, kukata keki, inakubalika sana.

Ukiichagua, jihadhari na MediaMetadataRetriever, chombo cha Android cha kuchomoa fremu kwenye video. Ukiita getFrameAtTime ukaipa wakati tu, inakurudishia ile fremu kuu (iliyobanwa nzima, bila kutegemea nyingine) iliyo karibu, na fremu kuu inaweza kuwa moja tu kwa sekunde nzima. Unaomba fremu kumi unapata moja imerudiwa mara kumi, unaanza kuilaumu kamera. Mpe OPTION_CLOSEST, ni pole pole lakini inakupa ile uliyoomba. Kuanzia Android 9 kuna pia getFrameAtIndex, kuchukua kwa namba ya fremu.

Flutter na iPhone, kwa haraka

Walio kwenye Flutter, ile ya Google ya kuandika aplikasio moja kwa Android na iPhone kwa lugha ya Dart: plagini ya camera inakataa takePicture ya pili kama ya kwanza haijarudi, inarusha kosa, kwa hiyo njia ya kwanza itabidi ungoje tu. Mkondo upo, unaitwa startImageStream, ila kupitisha fremu za mega tatu upande wa Dart mara kumi kwa sekunde kwenye simu dhaifu ni mzigo. Andika duara kwa Kotlin, lugha ya Android yenyewe, upande wa Android, Dart ibaki na kitufe na galeri.

iPhone ilianza kupiga rafali ya foto 10 kwa sekunde na 5s mwaka 2013, lakini hiyo ni kamera yao wenyewe. Wewe developa unapata AVCapturePhotoOutput ya kupiga foto, na tangu iOS 17 ya mwaka 2023 kuna hali ya kupokea foto inayofuata kabla ile ya kwanza haijaisha kuchakatwa, ni nzuri. Ao unachukua AVCaptureVideoDataOutput, inayokupa fremu za mkondo, na kujenga duara lilelile. Kwa wateja wetu hapa, wenye iPhone ni wachache, sikukaa huko muda mrefu.

Kama unaniuliza uchague gani

Foto za watu waliosimama: kurudia takePicture, siku moja umemaliza. Mechi, watoto wanaocheza, kitu chochote kinachopita kabla hujakiamua, kwa simu za kila aina: mkondo na duara, hata kama itakuchukua wiki mbili. Sherehe na simu kuukuu: video. Camera2 ningeigusa pale tu simu naijua kwa jina, ao kama ongezeko: aplikasio inaanza kwa duara, inauliza simu, ikijibu kwamba ina BURST_CAPTURE na memori ya kutosha, inamfungulia mtu kitufe cha pili cha foto kubwa.

Na usiniamini kwa maneno, pima kwenye simu ya mtu atakayeitumia, usipime kwenye yako. Chukua simu nyingine, fungua saa ya kukimbia inayoonyesha sehemu za mia za sekunde, iweke mbele ya kamera. Angalia namba, ikifika 5.00 kamili bonyeza rafali. Halafu fungua foto zote usome namba zilizo ndani. Ya kwanza inakuambia umechelewa kiasi gani, tofauti kati ya moja na nyingine inakuambia mwendo wa kweli, na kama kuna shimo katikati, fremu zimerukwa. Skrini ya simu inajichora mara 60 kwa sekunde kwa hiyo usitafute usahihi chini ya sehemu mbili za mia, lakini inatosha. Kwa kurudia takePicture, namba ya kwanza kwetu ilikuwa 5.61. Kwa duara ilikuwa 3.52, sekunde moja na nusu kabla ya kidole, na ndani ya foto ishirini ile 5.00 ilikuwemo.